Ladha ya Nati

Wiki iliyopita nilisimama kwenye duka moja mjini Moshi nikiwa nimeshika pakiti ya kahawa, na hasira zikanipanda mpaka muuzaji akaniuliza kama naumwa. Pakiti yenyewe ilikuwa nzuri, ya karatasi ngumu, ina picha ya mlima. Nyuma yake walikuwa wameorodhesha ladha zilizomo ndani, kwanza kwa Kiingereza, chini yake kwa Kihispania, kwa sababu kahawa hiyo inasafiri. Tunda fulani la bluu, karameli, chokoleti, maua ya huko kwao. Nilitafuta neno moja la Kiswahili, nikaigeuza juu chini, sikuliona. Kahawa imeota Kirua Vunjo, imechumwa na watu ninaowajua kwa majina na kwa magomvi yao, halafu haiwezi kusema hata neno moja la nyumbani. Nikaifungua pale pale kabla sijailipia, nikaingiza pua.

Muuzaji alilalamika, na alikuwa na haki. Nikamlipa nikatoka. Lakini harufu ilikuwa imeshanifikia, yenye moshi kidogo na uchachu wa chungwa ambalo bado lina kijani upande mmoja, na kwa dakika nzima nilisimama barabarani nikimtafuta mama. Mama amelala chini ya migomba yake, huu mwaka wa tatu. Ninaandika habari zake kwa sababu nimechoka na watu wanaosubiri mgeni awaambie midomo yao imeonja nini, na kwa sababu nilipokuwa na miaka kumi nilikaribia kumponza mama yangu kwa neno moja.

Kijiji kizima kilimwita Mama Manka, kwa jina langu, maana mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kwake. Shule aliishia darasa la nne, lakini pua yake ilikuwa na heshima zake. Watu wakitengeneza mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, kwa harusi au kipaimara walimwita aje kuonja kabla wageni hawajafika. Alichota kidogo kwenye kata, akainyonya huku wenye shughuli wakimkodolea macho, kisha akasema, "Msesewe umezidi," au, "Iacheni mpaka kesho, bado inalala." Msesewe ni gome la mti linaloipa mbege uchungu wake, na ukilizidisha hakuna atakayemaliza kata. Hakuna aliyebishana naye. Tulikuwa tukipita njiani kutoka mtoni ananiambia, "Kwa kina Deo leo wameunguza maharage," na jioni tunamsikia mama yake Deo akigomba.

Sasa mimi nilikuwa mtoto wa shule, na shule ilikuwa na mambo yake. Wa rika langu mnakumbuka tulivyoimbishwa. Mwalimu wetu wa Kiingereza aliandika ubaoni maneno manne, *sweet*, *bitter*, *sour*, *salty*, akatuambia hizo ndizo ladha, tamu, chungu, chachu na ya chumvi, basi. Tuliimba mpaka vumbi likaruka sakafuni. Nikarudi nyumbani nikahesabu jikoni kwa mama, hesabu ikanishinda. Kulikuwa na ukakasi wa ndizi mbichi unaoukaza ulimi. Kulikuwa na uchapwa wa mtori, supu yetu ya ndizi, uliosahauliwa chumvi, ambao si utamu wala si uchungu, ni aibu tu ya mpishi. Kulikuwa na ukali wa maziwa mgando yaliyopitiliza, na ule muwasho wa majimbi yasiyoiva vizuri. Nikakata shauri kwamba Wazungu wana ulimi mfupi. Niliwahurumia kweli.

Harufu nayo ilinichanganya. Mwalimu alikuwa na neno moja tu, *smell*, la choo na la kahawa. Sisi tunajua kwamba choo kinanuka na kahawa inanukia, na anayechanganya hayo mawili hakaribishwi tena kula. Siku moja niliandika kwenye insha kwamba nilisikia harufu ya chapati, ila kwa Kiingereza, neno kwa neno. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Akaniambia mbele ya darasa kwamba harufu haina sauti. Nilimpelekea mama malalamiko yangu.

"Kwani wao harufu wanaipata kwa nini?" aliniuliza huku anamenya ndizi.

"Kwa pua, mama."

"Na sisi ni kwa pua. Lakini ukiwa huko kwenye mfereji, chapati zikiiva hapa, si unakuja mbio?"

"Ninakuja."

"Basi umeitwa. Ukiitwa unasikia. Mwambie mwalimu wako hivyo."

Sikumwambia. Nilikuwa mwanafunzi wa kwanza kwa Kiingereza shule nzima na nilitaka kubaki hapo.

Aliyenipa Kihispania alikuwa Baba Mdogo, mdogo wake baba, mpishi wa misafara ya kupanda mlima kutokea Marangu. Baba mwenyewe alikuwa akilima mpunga Chekereni na tulimwona mwisho wa mwezi tu, kwa hiyo hadithi za kiume nyumbani kwetu zilikuwa za Baba Mdogo. Kihispania alikiokota huko juu kwenye baridi, neno hapa neno pale. Alinieleza jambo ambalo liliniondolea usingizi wa mchana. "Wale watu hawasemi chai ina ladha ya kitu," aliniambia. "Wanasema *sabe*. Na *sabe* hiyo hiyo ndiyo kujua. Yaani chai inajua." Siku moja mgeni alirudisha kikombe akisema *sabe a hierro*, nasi tulilitamka neno hilo "yero" kama Baba Mdogo alivyolisikia. Yeye alidhani anasifiwa chai yake inajua mambo, akamwongezea kikombe. Kumbe yero ni chuma, na birika lilikuwa limeshika kutu. Mimi nikabaki na jambo moja tu kichwani, kwamba iko nchi ambako chakula kina akili. Kwa wiki kadhaa niliutazama mtori kwa wasiwasi. Nilikuwa nimelamba sukari ya kopo bila ruhusa, na sikutaka bakuli linijue.

Msimu huo ndipo habari ya kiti ilipoanza. Mwaka uliotangulia kahawa ya kijiji ilikuwa imerudishiwa neno moja kutoka mjini, nalo ni "chafu". Hawakueleza uchafu gani. Wazee walisema ni mvua, vijana walisema ni wivu, mama alisema ni mapipa. Baadhi ya watu walikuwa wanaosha kahawa kwenye mapipa yaliyoshika kutu, naye alikuwa ameyaonja maji yake na kuikaanga kahawa iliyooshwa humo kwenye chungu, akajua. Hakuna aliyemsikiliza. Mwanamke kujua mbege ilikuwa sawa, lakini kahawa ilikuwa ya wanaume, yeye kazi yake kuipalilia, kuichuma, kuimenya, kuiosha na kuianika. Kuisemea haikuwa kazi yake.

Kisha chama chetu cha wakulima kikatangaza baada ya Misa kwamba watakuja wataalamu wawili wa kuonja kahawa, na watachagua mwenyeji mmoja wa kukaa nao mezani. Kiti kilikuwa kimoja. Atakayekikalia ndiye atakayekuwa anaonja kahawa ya kila mtu kabla haijashuka mjini na kumwambia mwenyewe ina kasoro gani. Mama alikitaka kile kiti. Sijawahi kumwona akitaka kitu namna ile, na wala hakuficha. Alikwenda kujiandikisha bado ana tope la shamba miguuni, nami nyuma yake. Aliyekuwa anaandikisha ni Bwana Shamba wetu, kijana mnadhifu aliyeletwa kutoka mkoa mwingine, mwenye kalamu tatu mfukoni.

"Mama Manka, hii si mbege," alimwambia.

"Na mbege si maji," mama alimjibu. "Niandike, mwanangu."

Akamwandika, akampa karatasi ya kujifunzia kama wenzake. Wengine wote waliojiandikisha walikuwa wanaume, na aliyetarajiwa kushinda alikuwa Deo, yule wa maharage yaliyoungua, kwa sababu alimaliza kidato cha nne na Kiingereza kilimtiririka. Kwamba alivuta sigara tangu asubuhi hadi jioni na ulimi wake ulishakuwa kama kandambili, hilo halikumsumbua mtu.

Karatasi ilikuwa na safu mbili. Kushoto maneno ya Kiingereza, kulia ya Kihispania, yote ya ladha na harufu, zaidi ya sitini. Mimi niliyeamini kwamba Wazungu wana ladha nne nilikaa chini. Mama aliishika karatasi kwa ncha za vidole.

"Cha kwetu kiko wapi?"

"Hakipo, mama."

Akaigeuza, akatazama upande mweupe. "Kipo huku. Hawajakiandika tu."

Kila siku nilipotoka shule tulikaa kwenye baraza, yeye akimenya ndizi, mimi na kamusi ya shule isiyo na jalada. Niliona fahari ambayo sijawahi kuiona tena maishani. Mama ananiuliza, mimi najibu, kama mwalimu. Na kama walimu wengi, nisichokijua nilikitunga. Lile tunda la bluu, *blueberry*, lilikuwa kwenye karatasi lakini halikuwemo kwenye kamusi, kurasa zake zilikuwa zimechanika, kwa hiyo nikalikata neno katikati nikamwambia mama ni ladha ya bluu.

"Bluu inaonjwa?"

"Wao wanaionja."

Akafikiri. "Kitu cha bluu nilichowahi kuonja ni ile bluu ya kufulia. Nilikuwa mdogo kuliko wewe. Aisee, kama kahawa ina ladha ile, waiache."

Tukafika kwenye *earthy*. *Earth* niliijua, ni dunia, iko kwenye kitabu cha jiografia. Nikamwambia mama hiyo ni ladha ya dunia, naye akacheka mpaka kisu kikamwanguka. "Hiyo usinifundishe," alisema. "Dunia ni chungu, naijua."

Kisha tukafika kwenye *nutty*. Hapa ndipo nilipomponza. Kamusi ilikuwa nayo *nut* lakini sikujisumbua kuifungua, maana neno nililijua tangu utoto. Ni nati. Baba Mdogo alikuwa na baiskeli, na kila Jumamosi nilimshikia nati. Nikamwambia mama, kwa sauti ya mtu asiye na shaka hata kidogo, "Hii ni ladha ya nati."

"Nati ya kwenye bolti?"

"Ndiyo."

Hakucheka safari hii. Aliinuka akaenda kwenye mashine ya kumenya kahawa, ile ya chuma aliyoiacha babu, akachukua spana, akafungua nati moja, akaisuuza kwenye maji, akaitia mdomoni. Alikaa nayo kama mtu anyonyaye pipi, macho amefumba. Mimi nilisimama nikiona kila kitu ni sawa kabisa. Alipoitoa alisema, "Naijua. Ni ladha ya damu ukijiuma ulimi. Ni ile ya mapipa." Akairudisha nati mahali pake akaikaza. "Kumbe wana jina lake. Sasa watanielewa."

Jumapili ya mtihani ghala la kahawa lilijaa. Walipanga meza ndefu katikati, vikombe vyeupe juu yake, kila mshiriki na kijiko chake. Wataalamu wenyewe walikuwa mzungu mrefu aliyesema Kiingereza, na mama mmoja mfupi, mwenye nywele zenye mvi, aliyesema Kihispania na Kiingereza kidogo. Tulimwita Mhispania, ingawa Baba Mdogo alituambia ametoka nchi ya kahawa upande wa pili wa dunia, na kwao walikuwa na migomba kama sisi. Mwalimu wangu wa Kiingereza alikaa mstari wa mbele, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma risala ya kuwakaribisha wageni. Niliisoma bila kukosea hata neno. Mzungu alipiga makofi, mwalimu alinitazama kama ndiye aliyenizaa, nami nikaenda kusimama karibu na mama nikiwa nimevimba.

Ikafika zamu yake. Akakalia kile kiti. Bwana Shamba alisimama kando kutafsiri. Mama alichota kwenye kikombe cha kwanza, akafyonza kwa kelele kama walivyoelekezwa, akatema kwenye ndoo.

"Ina ukakasi," alisema. "Waliichuma mbichi."

Bwana Shamba akageuka. "*Bitter*," akasema.

Mzungu akatikisa kichwa, akaandika alama ya mkasi. Mama alitazama ile alama, akamtazama Bwana Shamba, akaenda kikombe cha pili. Akasema imechacha kidogo, kama mbege ya siku ya tatu. Bwana Shamba aliona haya kuitaja mbege mbele ya wageni, akasema tu *sour*. Hapo alipata nusu. Kikombe cha tatu mama alikifyonza mara mbili. Nikaona uso wake ukifunguka. Alikuwa amefika kwenye jambo lake.

"Hii ina nati," alisema kwa sauti kubwa, ili wazee wote wasikie. "Nati kabisa. Ni kahawa mbaya, imeharibika."

Bwana Shamba akakunja uso, akafikiri, kisha akatafsiri alichoweza. "*Nutty*," akasema, na akaongeza kitu kuhusu mama kutoipenda. Mzungu alicheka kidogo, kwa upole, akatikisa kichwa tena. Akamweleza Bwana Shamba kwamba hapana, hakuna karanga hapo, na karanga kwenye kahawa ni sifa nzuri, si ubaya. Akaweka alama nyingine ya mkasi. Nyuma yangu mtu akasema kwa Kichagga kwamba huyu mama arudi kwenye mbege yake, na watu wakacheka.

Nilisikia neno hilo, karanga, likitoka kinywani mwa Bwana Shamba alipokuwa anamweleza mama kosa lake, nikaelewa. Nati haikuwa nati. Mama alikuwa amepatia, ladha ameikamata pale pale ilipo, kasoro ile ile iliyochafua kahawa ya kijiji kizima, na anakosa kwa sababu ya neno nililompa mimi. Nitasema ukweli wangu. Wazo la kwanza halikuwa la mama. Nilimtazama mwalimu, nikaifikiria risala na yale makofi, nikatamani kunyamaza. Nilinyamaza, labda kwa muda wa pumzi tatu. Bado zinaniuma.

Kisha nikasema, "Ni mimi."

"Manka, kaa chini," mwalimu alisema.

"Ni mimi niliyemfundisha vibaya. Nilimwambia ni nati ya baiskeli. Yeye anasema chuma!"

"Kaa chini, mtoto!"

Sikukaa. Nilitafuta Kiingereza cha chuma, na neno pekee lililonijia lilikuwa *iron*, ambalo kwenye kitabu chetu lilikuwa na picha ya pasi ya mkaa. Nikaona nikisema hivyo watadhani mama anaonja pasi, na watatucheka mpaka Krismasi. Kiingereza changu chote cha risala kikanikimbia. Ndipo nikamwona yule Mhispania ananitazama, ameinamisha kichwa, anasubiri. Nikamwelekezea kile kikombe cha tatu.

"*Sabe a hierro*," nilisema.

Aliweka kalamu chini. Akarudia maneno yangu kama anayeuliza, mimi nikatikisa kichwa kukubali, nikamwonyesha mama kwa kidole, kwamba ni yeye asemaye, si mimi. Akachukua kijiko, akafyonza kikombe kile, akazungumza na mzungu mrefu haraka haraka. Kilichofuata kilieleweka bila mkalimani. Alimgeuza mama atazame ukutani, akahamisha vikombe, akamgeuza tena. Mama akaonja, akagonga kimoja kwa kijiko. "Chuma." Wakahamisha tena. "Chuma." Mara ya tatu hakuonja hata, alipitisha pua tu, akagonga. Mzungu akafuta alama ya mkasi kwa mkono wake.

Mtu mwingine angeridhika hapo. Mama aligonga kikombe cha kwanza. "Na hiki mmekosea," alimwambia Bwana Shamba. "Mimi sikusema uchungu. Nilisema ukakasi."

"Mama, ndiyo hiyo hiyo *bitter*."

"Uchungu ni uchungu. Uchungu hata wa kuzaa upo. Ukakasi ni mwingine."

"Kiingereza hakina, mama."

"Basi wasubiri."

Akatoka nje. Kando ya ghala kulikuwa na mgomba wenye mkungu, akakata ndizi tatu za kijani, mbichi kabisa, utomvu unachuruzika. Akarudi akazimenya kwa kisu, akampa mmoja mmoja, Mhispania, mzungu, na Bwana Shamba. Bwana Shamba alijaribu kukataa. Mama alisimama mbele yake mpaka akauma. Sura zao sitazisahau. Midomo ilijikaza, mzungu akautoa ulimi nje akaukwangua kwa meno, Bwana Shamba akatafuta maji. Mhispania alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka, anapiga meza, anasema *áspero, áspero*, kisha akashika kikombe cha kwanza akakifyonza, akakubali kwa kichwa mara nyingi. Akamwomba mama arudie neno. Mama akalirudia polepole. U-ka-ka-si. Yule mama akalitamka, akalikosea, mama akamsahihisha kama alivyonisahihisha mimi nilipoanza kuongea.

Mwalimu wangu alichomoa kalamu yake. Nilimwona anaandika kwenye kiganja chake, na hadi leo sijui ni neno gani.

Deo aliingia zamu yake akapatia viwili, akakosa kikombe cha chuma, akakosa cha ukakasi. Alitamka kila kosa kwa Kiingereza safi. Walipomaliza wote, Bwana Shamba alisimama kutoa uamuzi wa chama. Alimsifu mama sana. Alisema ulimi anao, tena ulimi wa ajabu, kijiji kinajivunia. Mama alikuwa amerudi kwenye kile kiti wakati wanahesabu alama, akipumzisha miguu.

"Lakini wote ni mashahidi," Bwana Shamba aliendelea, "lugha hana. Kazi hii ni ya kuandika ripoti, na ripoti inakwenda nje. Mama atatusaidia tukimhitaji. Deo ndiye atakayekaa mezani."

Wazee waliitikia kwa kichwa. Mzungu alimwuliza Mhispania kitu, hakuna aliyemtafsiria uamuzi ule. Deo akaja mpaka mezani, akasimama nyuma ya mama, amenyoosha mkono nusu, hajui aushike mgongo wa kiti au asiushike. "Shikamoo, mama," alisema, kwa kukosa la kusema.

"Marahaba."

"Mama Manka," Bwana Shamba alisema, "mpishe mwenzio akae."

Mama hakumtazama. Alisuuza kijiko chake kwenye glasi ya maji, akakikung'uta mara mbili, akavuta kiti karibu zaidi na meza.

"Hapa pana mtu," alisema.

Nikiwasimulia watu habari hii huniuliza kama walimkubalia. Hakuwaomba. Alikikalia kile kiti siku hiyo hadi jua likashuka, akakikalia msimu uliofuata na misimu mingine yote mpaka magoti yalipoikataa ngazi ya ghala, na Deo ndiye aliyekuwa anakuja asubuhi na kalamu yake, anakaa kwenye gunia, anamwuliza, "Tuandike nini, mama?"